Rangi ya Maji ya Kwao

Wajukuu zangu, na ninyi vijana mnaonisimamisha njiani kuniuliza kama kuweka jino kunauma: kunauma kidogo, na kinachochosha zaidi ni kusubiri. Hilo nimelisema mapema ili wenye haraka waondoke. Waliobaki wakae, maana nimetengeneza meno ya bandia miaka mingi, nilianzia Mbeya nikaendelea Iringa, na mengi ninayoyajua niliyajua kwa kuharibu kwanza.

Naitwa Atuganile, mzaliwa wa Tukuyu. Hospitalini walizoea kuniita Fundi Atu. Sikuwa daktari. Watu wengi mpaka leo hawajui kwamba anayeng'oa jino na anayelitengeneza ni watu wawili. Anayeng'oa alikaa chumba cha mbele, koti jeupe, anaogopwa. Mimi nilikaa chumba cha nyuma na jiko la mafuta ya taa, nta, plasta na misasa, kichwani nina vumbi kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga.

Kazi hii niliipata kwa sweta. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mhudumu wa wodi pale Mbeya, kazi yangu kubeba mabeseni. Fundi wa meno akanikuta nafuma wakati wa mapumziko. Aliichukua ile sweta akaigeuza, akaitazama kwa ndani, huku kwenye mafundo, akasema, "Kesho njoo chumbani kwangu. Kwa nje kila mtu anafuma vizuri." Nilidhani ananitania. Kesho yake nilikuwa nakoroga plasta.

Sasa kitakachokupata ukija kuweka jino ni hiki. Utakalishwa kwenye kiti, utaingiziwa mdomoni kisahani cha bati kilichojaa kitu kama uji mzito uliopoa. Huo ndio unaochukua sura ya meno yako. Hapo wengi hudhani wamefika mwisho wa maisha. Kichefuchefu kinapanda, machozi yanatoka, mkono unamtafuta mtu wa kumkaba. Dawa yake ni ndogo: inamisha kichwa mbele, pumua kwa pua, kisha nyanyua mguu mmoja juu kidogo uuangalie. Mguu hauna kazi yoyote kwenye jino. Ila ukiwa umeushughulikia mguu unasahau kutapika. Nimewanyanyulisha mguu walimu, wachungaji na askari polisi wenye magwanda yao, wote wakanyanyua.

Baada ya hapo ile sura inamwagiwa plasta, ikikauka nakuwa na meno yako mezani, ya plasta. Juu yake nachonga nta, napanga jino la bandia, halafu unarudi kujaribu kabla halijapikwa kwa maji ya moto likakaza. Hapo kwenye kujaribu ndipo nawaomba mseme. Sisi watu wa huku Nyanda za Juu tuna adabu isiyotusaidia tukiwa mbele ya mtu mwenye koti: tunajibu "asante, ni zuri" hata kama jino limetukaa kama jembe. Nta naibadilisha kwa kisu, dakika mbili tu. Likishapikwa, utaishi nalo.

Bibi mmoja wa Rungwe alinifundisha hilo kwa kunyamaza kwake. Alianguka kwenye migomba akapoteza meno manne ya mbele. Nilimpangia manne mapya yaliyobanana, safi, hata sindano haipiti. Akajaribu, akasema "ndaga", yaani asante, akaondoka. Baada ya wiki mbili akarudi na mumewe. Yule mzee hakunisalimu. Alisimama mlangoni akauliza, "Mwanya wa mke wangu uko wapi?"

"Mwanya gani, baba?"

"Alikuwa na mwanya hapa katikati. Ndio niliouona nikaenda kwao kuposa. Wewe umeuziba, umenirudishia mwanamke mwingine."

Bibi mwenyewe alikuwa anatazama sakafu anacheka kimoyomoyo, mabega yanamtikisika. Nikarudia kazi yote upya, mwanya nikauacha. Kuanzia siku hiyo nikajiwekea sheria: kila anayekuja alete picha yake ya zamani, na asiye na picha alete ndugu anayefanana naye. Ni sheria nzuri. Siku niliyoisahau ndiyo nitakayowasimulia, lakini kwanza lazima nimtaje fundi cherehani.

Huyu alishonea barazani karibu na soko pale Mbeya, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwimbaji wa kwaya, mtanashati. Meno yake yalikuwa mazima ila yamepandana kidogo, na moja limeingia kijivu. Akaona picha ya mtu anacheka kwenye kalenda ya dukani, akataka meno kama yale. Akaomba ang'olewe yote ya juu. Kwenye hospitali ile, jina naliacha, hakuna aliyemwambia ngoja kwanza. Na mimi nilifurahi, nawaambia ukweli. Sahani nzima, yaani meno yote ya juu kwenye bamba moja, ni rahisi kupanga kuliko jino moja, kwa sababu hakuna jino jirani la kulisuta. Siku ya kumi nikamvisha, fizi bado zimevimba. Alipendeza. Kwa miezi mitatu hivi alimchekea kila mtu wa mjini.

Mambo ambayo hakuambiwa ni haya: fizi iliyong'olewa meno hunywea, na mfupa ulio chini yake nao hupungua, mwaka hadi mwaka. Sahani iliyokaa vizuri leo itacheza baadaye. Ya kwake ilishuka kanisani, kwenye sauti ya juu, akaidakia ndani ya daftari la nyimbo. Watu walicheka, na yeye alicheka. Wiki iliyofuata hakuja kwenye mazoezi, na hakurudi tena kwenye kwaya. Alikuja kwangu, akakaa, akaniuliza taratibu, "Fundi, yale meno yangu mliyatupa wapi?"

Hakuwa ananilaumu. Aliuliza kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau mahali. Nilijua yalikotupwa, kwenye shimo la nyuma pamoja na pamba. Nilimtengenezea sahani nyingine iliyokaa vizuri zaidi. Nyama alikatiwa vipande vidogo, na mahindi ya kuchoma akayaaga. Nilijisikia vibaya wakati ule, na bado najisikia vibaya.

Baadaye mume wangu alipata kazi ya kufundisha Iringa, nikamfuata. Huko nikafanya kazi na Mzee Sanga, msaidizi wa daktari wa meno, Mkinga wa Makete, mfupi, sweta mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili. Yeye ndiye aliyeng'oa. Alikuwa na tabia iliyonikera: hakumfungua mgonjwa mdomo kabla hajamuuliza "unatoka wapi?" na akishajibiwa anauliza tena, "na kabla ya hapo?" Nilimwona mmbea tu anayetafuta habari za watu.

Iringa ilinishinda kwa baridi. Meno ya bandia yalitengenezwa kwa unga na maji yake maalumu, unachanganya, unasubiri mpaka ushikane kama donge la ugali. Mwezi wa saba ule unga uligoma. Nikaona nitumie akili, nikaliweka kopo la mchanganyiko karibu na jiko. Yale maji yanashika moto upesi kama petroli. Mzee Sanga akaingia, akalichukua kopo bila kusema neno, akaenda kulimwaga nje mbali, akarudi, akaniambia, "Ukitaka kufa, andika kwanza barua ya likizo." Kisha akanionyesha: kopo limefungwa vizuri, linakwenda kwapani, ndani ya sweta, dakika kadhaa. Kwa hiyo meno ya watu wengi wa Iringa wa miaka ile yalianzia chini ya kwapa langu. Hawakuuliza na mimi sikuwaambia.

Sasa Kabula.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, mwezi wa nane, Mzee Sanga yuko likizo kwao. Mama mmoja wa Kihesa, mtaa wa hapo hapo Iringa, Mama Kalinga, mzee wa kanisa, aliingia na binti wa miaka kumi na tisa, mrefu, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, mkono uko mdomoni. Huyo ndiye Kabula. Kwao walikuwa Wasukuma wafugaji waliohamia Usangu, upande wa Madibira. Mtoto wa Mama Kalinga, Festo, alipelekwa huko kama bwana mifugo, akaenda kuchanja ng'ombe, akarudi na mchumba. Kabula alikuwa amefikia kwa shangazi yake Festo pale Kihesa, akifundishwa ubatizo kabla ya ndoa. Miezi michache nyuma ng'ombe alimpiga teke akikamua, jino moja la mbele juu likang'oka.

"Kamwene, binti," Mama Kalinga akanisalimu.

"Kamwene, mama."

"Nimekuletea mkwe wangu. Arusi iko wiki ya tano kuanzia sasa, na mdomo ndio huo. Umwekee jino. Na hayo mengine uyasafishe, naona hayajajua mswaki."

"Nasafisha, mama," Kabula akasema.

"Nyamaza, mwanangu, fundi aangalie."

Nikaangalia. Meno yalikuwa imara, yamepangika, lakini ya kahawia, yana mistari, mengine yana madoa meupe kama chokaa na vishimo vidogo vidogo. Mtu wa namna hiyo nilikuwa nimeshamwona mmoja mmoja, sikuwahi kujiuliza. Iringa na Tukuyu meno ni meupe, basi kwangu jino la kahawia lilikuwa jino chafu. Nikatoa hukumu. Nilimwambia, "Mdogo wangu, mswaki siyo wa Jumapili tu."

Halafu nikafanya kitu ambacho hata ruhusa sikuwa nayo. Nilichukua unga wa kung'arishia sahani za meno, na brashi ya mashine, nikamsugua. Nilimsugua mpaka fizi zikatoa damu. Rangi haikusogea. Kabula hakurudisha kichwa nyuma hata mara moja. Machozi yalimtoka, nikadhani ni maumivu ya fizi.

Picha sikumuuliza, ndugu sikumuuliza, kwa sababu mwenye kuongea alikuwa Mama Kalinga na mimi nilikuwa upande wake. Kwenye kisanduku cha meno ya bandia ya rangi mbalimbali nikachagua jino jeupe. Nilijiambia, angalau awe nalo moja safi. Siku ya kujaribu akajitazama, akafunga mdomo, akasema, "Asante." Nikalipika. Alipokuja kulichukua likaonekana lile moja kama bati jipya katikati ya paa la nyasi. Mama Kalinga akalitazama kwa furaha.

"Hili ndilo jino," akasema. "Basi na yale yafanane nalo. Yang'oeni, muweke kama hili."

Nikamgeukia Kabula. Aliuondoa mkono mdomoni.

"Ndiyo," akasema. "Yang'oeni. Yanayoonekana."

Nikahesabu. Ukiacha pengo yalikuwa saba. Meno saba mazima, yasiyouma, yasiyo na tundu hata moja.

Mama Kalinga alipotoka kwenda kuandikisha siku, nikamuuliza polepole kama ndivyo anavyotaka kweli.

"Dada, tangu nifike Kihesa watu wakinisalimu wanausalimu mdomo," akasema. "Juzi kwenye nyumba moja walikunywa maji wote kwa kikombe kimoja, mimi wakanitafutia kopo la peke yangu. Nitaolewa hapa. Nitakunywa kwa kopo la peke yangu mpaka lini?"

Jina lake likaandikwa Alhamisi, siku Mzee Sanga anarudi kazini. Jioni ile niliketi kula. Nilimwona yule fundi cherehani amekaa mbele yangu na swali lake. Lakini fundi wa chumba cha nyuma hana sauti kwenye kung'oa, na aliyeanzisha mambo haya yote, kwa brashi na kwa jino jeupe, alikuwa mimi. Kitu kimoja tu nilikiweza. Kesho yake nilikwenda Kihesa nikamwambia Kabula, "Alhamisi uje na mama yako mzazi na ndugu zako. Atakayeng'oa atataka kuona watu wa kwenu." Mzee Sanga hakuwa amesema hivyo. Nilidanganya, ili walau ile sheria yangu ya ndugu niitimize, hata kwa kuchelewa.

Wakaja. Walitoka Usangu na lori la mpunga, wakashuka Ipogolo, bondeni chini ya mji, wakapanda mlima kwa miguu: mama yake Kabula, na binti mdogo wa miaka tisa, Milembe. Wakakaa kwenye benchi, Mama Kalinga ameketi kidogo pembeni. Ndani, kwenye kisinia, makoleo yalikuwa yameshachemshwa.

Mzee Sanga akatoka na sweta yake. Akasalimia kila mmoja, kisha akaanza maswali yake.

"Mama, mnatoka wapi?"

"Usangu, baba. Madibira huko."

"Na kabla ya hapo?"

"Shinyanga. Tulifuata majani ya ng'ombe."

Akamwomba mama afungue mdomo. Kahawia, kama ya binti yake. Akamwomba Kabula. Kisha akamtazama Milembe, ambaye alikuwa anacheka tu kwa kuwaona watu wazima wanafungua midomo kwenye baraza. Meno ya Milembe yalikuwa meupe pe.

"Huyu alizaliwa wapi?"

"Huku huku Usangu. Tulikuwa tumevuna mara moja tu."

"Na huyu mkubwa alikuwa na umri gani mkihama?"

"Alikuwa anachunga ndama. Miaka tisa, kumi hivi."

"Mswaki wenu?"

"Wa mti, baba. Wote tunakata mti ule ule."

Mzee Sanga akanigeukia. "Atu, huyu ulimsugua?"

"Nilimsugua, mzee."

"Ilitoka?"

"Haikutoka."

"Haiwezi kutoka. Siyo kitu kilichopakwa juu. Jino lenyewe lilikua hivyo." Akawaeleza wote, pale pale kwenye benchi. Baadhi ya visima vya huko walikotoka vina maji yenye madini mengi ya aina fulani. Mtoto akiyanywa miaka ile ambayo meno ya ukubwani yanajitengeneza ndani ya ufizi, yanaota na rangi hiyo. Yakishaota, basi. Kabula alikunywa maji ya Shinyanga utoto wake wote. Milembe alikunywa ya Usangu.

Natamani ningeweza kuwaambia kwamba nilifarijika. Niliona aibu. Binti alikuwa amesema "nasafisha", na alikuwa amesema kweli, na mimi nikamtoa damu.

Mama Kalinga ndiye aliyeuliza. "Kwa hiyo siyo ugonjwa?"

"Siyo ugonjwa, mama."

"Na..." Sauti ikashuka. "Haurithiwi?"

Hapo nikaelewa kumbe mama wa watu alikuwa amebeba nini siku zote. Hakuwa anaangalia arusi. Alikuwa anawaangalia wajukuu.

"Wajukuu zako watakunywa maji ya wapi?" Mzee Sanga akamuuliza.

"Ya Kihesa."

"Basi wataota meno ya Kihesa."

Mama Kalinga akatazama viatu vyake. "Mimi nilifikiri," akaanza, na hakumalizia.

Nikadhani yamekwisha. Kabula akasimama.

"Baba, nashukuru," akamwambia Mzee Sanga. "Leo nimejua. Lakini watu wote wa Kihesa huwezi kuwaleta kwenye benchi hili uwaeleze. Ng'oa tu."

Mzee Sanga akakunja mikono ya sweta. "Meno ni yako," akasema, akaufungua mlango. Kabula akaingia akakaa kwenye kiti.

Nikaingia nyuma yake. Sikuwa nimeitwa. Nilisimama kati ya kiti na kisinia nikamsimulia habari za fundi cherehani, yote, mpaka lile daftari la nyimbo, mpaka swali lake. Kabula alisikiliza macho yapo kwenye dari.

"Sasa anakula nini?" akauliza.

"Vitu laini."

"Na nyama?"

"Anakatiwa."

Mama yake, aliyekuwa ametufuata, akaguna. Kwa watu wa ng'ombe, mtu wa miaka thelathini anayekatiwa nyama ni msiba.

"Nipe siku sita," nikamwambia Kabula. "Arusi bado wiki tatu. Nikishindwa, koleo liko hapa hapa na sitafungua mdomo tena."

"Utafanya nini siku sita?"

"Nitatengeneza jino lako. Lile jeupe lilikuwa la kwangu."

Alifikiri. Akashuka kwenye kiti, lakini alishuka kama mtu anayekwenda kunywa maji kisha arudi.

Vijana mnaosoma kazi hii, sikilizeni hapa. Rangi ya kahawia ya namna ile haikuwemo kwenye kisanduku chetu. Yalikuwepo meno ya giza ambayo nadhani yalitengenezwa kwa ajili ya wazee wavuta tumbaku wa nchi za watu, hayakuwahi kuombwa na mtu Iringa. Niliyachukua, nikayapiga tupa mpaka yakawa unga, nikachanganya na unga wa kawaida. Kwa mistari nilikuwa na kichupa cha rangi ya kahawia kilichokaa kabatini miaka. Kwa yale madoa ya chokaa nikatumia unga mweupe mtupu. Vishimo nikavitoboa kwa sindano.

Nilimkalisha Kabula dirishani asubuhi, maana rangi ya jino haichaguliwi kwa taa. Na kila baada ya dakika chache nilimwambia alambe meno, kwa sababu jino likikauka linajifanya jeupe kuliko lilivyo. Siku ya kwanza alilamba tu kila nilipomwambia. Siku ya pili nilikuwa nachora mstari, nikasikia, "Hapo umezidisha."

"Wapi?"

"Wa kwangu hauendi moja kwa moja. Unaanzia pembeni, unapinda."

Kumbe aliyajua yote. Aliyajua kama mtu anavyowajua ng'ombe wake, lipi lina doa wapi. Mama yake naye akasogea, akasema lile lililong'oka lilikuwa na doa jeupe chini, upande wa kushoto. Wakabishana kwa Kisukuma, wakacheka, wakaniamulia. Hakuna mgonjwa aliyewahi kunisahihisha vile, na sijawahi kufurahia kusahihishwa vile.

Jino la kwanza lilitoka kama chai ya maziwa. La pili lilikuwa jeusi, nikalitupa kabla hajaliona. La tatu nililichemsha kwa pupa likajaa mapovu. La nne nikalikwarua, nikaling'arisha kidogo tu, kwa sababu meno yake hayakuwa na mng'aro wa kioo.

Siku ya sita benchi lilijaa tena. Kabula akaketi kwenye kile kiti, Mzee Sanga amesimama na kisinia chake, jinsi tulivyokubaliana. Nikamvisha, nikabana viwaya vya pembeni vinavyolishikilia jino, nikamsogeza dirishani nikampa kioo.

Akatazama. Akageuza kichwa huku, akageuza kule. Akakunja uso.

"Dada, mbona hujaniwekea?"

"Pitisha ulimi," nikamwambia. Akapitisha ulimi. Halafu akaanza kugusa kwa kidole, moja baada ya jingine, akitafuta. "Ni lipi?" akauliza. Na hapo akaelewa, akacheka, kicheko cha kumwonyesha mtu mpaka magego.

"Ng'wanawane," mama yake akasema. Mwanangu.

Mama Kalinga akatoa miwani kwenye mkoba, akaja karibu kabisa, akachunguza kwa makini kama anayesoma barua. "Ni hili," akasema, akaonyesha kwa kidole.

Lilikuwa jino la Kabula mwenyewe.

Mzee Sanga akageuka na kisinia, akayarudisha makoleo kabatini.

Arusini nilikuwepo. Kulikuwa na watu walionong'ona, Kihesa haikubadilika kwa wiki tatu. Lakini Mama Kalinga alizunguka meza hadi meza, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza, akiwaeleza watu habari za maji ya visima vya Shinyanga kwa sauti ya mtu aliyezaliwa anazijua. Mimi nilimwomba Kabula radhi siku nyingine, tukiwa wawili. Aliniambia amesamehe ila nisimsugue tena.

Siku hizi mambo ni mengine. Kuna dawa za kung'arisha, kuna maganda membamba yanabandikwa juu ya jino, kuna waya za kunyoosha. Siyapingi. Mwende kwa anayejua, muulize kitakachokuwa baada ya miaka kumi, siyo baada ya wiki moja. Mtu akitaka kukata au kung'oa kilicho kizima, mwambie akuonyeshe kwanza njia nyingine, na siku ya kujaribu, semeni.

Kabula anaishi Ipogolo, ana wajukuu, wote wana meno meupe. Lile jino langu limebadilishwa mara tano: plastiki huchakaa, fizi hunywea, na mara moja mtoto alilikanyaga. Yale saba yaliyokuwa yang'olewe Alhamisi ile hayajabadilishwa hata moja. Mwezi uliopita nilikula kwake; yeye alitafuna ya mfupani, na mimi ndiye niliyekatiwa nyama.